Maswali ya wachezaji wa ligi ya pool: kabla ya kununua fimbo nyingine

Fimbo ninayo yangu, lakini kila nikijaribu kuurudisha nyuma mpira mweupe inateleza. Ninunue ipi nyingine? (Msomaji, Mbeya)

Usinunue. Geuza hiyo uliyonayo uitazame ncha, kile kipande cha ngozi kinachogusa mpira. Ikiwa inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, chaki haishiki. Ikiwa imetanuka ikapita pete ya shaba kama uyoga, ukingo unalegea na mpira hauendi unakouelekeza. Inatakiwa iwe na mviringo kama wa ukingo wa sarafu ndogo, ya milimita 18 hivi, na pembeni ibaki na ngozi ya walau milimita 2. Ikiwa bado nene, ikwaruze kwa msasa na uirudishie mviringo. Ikiwa imekwisha, badilisha.

Pima pete kabla ya kwenda dukani. Fimbo za mipira midogo, ile ya milimita 50.8, mara nyingi huchukua ncha za milimita 8 hadi 9.5. Za Kimarekani, zinazopiga mipira ya milimita 57.15, hufika 12 au 13. Chukua iliyozidi pete kwa nusu milimita, utaipunguza.

Ng'oa ya zamani kwa wembe. Laza msasa namba 240 juu ya kigae, simamisha fimbo wima, sugua uso wa pete mpaka gundi yote iishe. Sugua na tumbo la ncha mpya. Weka tone moja la supaglu, si matatu: gundi nene ikikauka hupasuka kama kioo, na hupasukia kwenye mpigo wa kuvunja, mechi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Bana dakika mbili, acha usiku kucha. Asubuhi simamisha fimbo ncha ikiwa chini juu ya ubao, upunguze pembeni kwa wembe mpya ukishuka kuelekea ubaoni. Shaba usiiguse.

Ncha za skrubu waachie wenye baa. Hulegea katikati ya mchezo, nawe ukabaki kumlaumu mweupe.

Chaki ya shule si ni chaki tu? (Wasomaji watatu, kwa maneno karibu yale yale)

Hapana, na jibu halitabadilika mkiuliza mara ya nne. Ya ubaoni ni unga laini. Ya pool ina chembe ngumu za kukwaruza, ndizo zinazoifanya ngozi iushike mpira. William Spinks na mwanakemia William Hoskins walipata hataza yake Marekani mwaka 1897, kwa mchanganyiko wa silika na korandamu, madini magumu. Jina la chaki limebaki kwa mazoea tu.

Tena pakeni vizuri. Yule anayeizungusha chaki kwenye ncha kama anakoboa mahindi hutoboa kisima katikati, kisha ukingo wa ncha, unaogusa mpira anapotaka kuuzungusha, unabaki mtupu. Paka kwa kufuta, kama unapiga brashi, kabla ya kila mpigo. Ukiiweka kwenye ukingo wa meza, upande wenye rangi uangalie juu.

Fimbo fupi ya kurushia mpira inafaa kwenye ligi yetu? Tunacheza blackball, pool ya mipira midogo. (Msomaji, Arusha)

Kumrusha mweupe juu ya mpira mwingine ni faulo kwenye blackball. Hela hiyo nunua ncha tano.

Mikono inatoka jasho, natumia poda ya mtoto. Wenzangu wananikataza. (Msomaji, Tanga)

Wako sahihi, dada. Poda huganda kwenye kitambaa, mipira ikapita hapo ikapunguza mwendo, na wanaokuja baada yako wanacheza kwenye uchafu wako. Joto la pwani linataka glavu ya vidole vitatu, ya mkono unaoegemeza fimbo. Ibane, isiwe na mikunjo. Ifue kwa sabuni ya kawaida, maana ikijaa chumvi ya jasho nayo hunata. Beba pia kitambaa kikavu cha kufutia fimbo kila baada ya frem, yaani mchezo mmoja.

Fimbo ya kaboni ina thamani ya bei yake? (Msomaji, Mwanza)

Haipindi kwa unyevu, na uchafu wake unatoka kwa spiriti. Hiyo ndiyo faida ya uhakika. Ncha yake ni ngozi ile ile, nayo ikichakaa utateleza kwa gharama kubwa zaidi. Mwenye fimbo ya mbao asiige: spiriti hukausha mbao na kula vanishi.

Begi gumu au laini? (Msomaji, Mombasa)

Ukisafiri kwa bodaboda au matatu, gumu. Ukienda kwa miguu, laini linatosha. Yote mawili hayazuii joto la gari lililofungwa juani. Fimbo ya vipande viwili itenganishe, uvifunike vifuniko vya skrubu. Nyumbani ilaze, au isimamishe wima kwenye kishikio. Ukiiegemeza ukutani kona ya chumba, miezi michache tu utaiviringisha mezani uione ikidunda.