Kamba wa mabwawa na kamba wa mikoko

Bagamoyo

Mwanangu,

Sote wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza mbona Ekwado, nchi ndogo, inauza nje kamba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, nasi tunarudi pwani na ndoo mbili. Tena wenzako wanataka kukata mikoko wachimbe mabwawa, nawe utie pesa zako.

Wale wa Ekwado hawavui, wanafuga. India na Vietnam vilevile, tani zao nyingi zinatoka bwawani. Katika kuvua hasa, Argentina ndiyo iliyopanda: mwaka 2018 walipita tani laki mbili za kamba wekundu wa bahari ya baridi. Na bwawa nalo lina msiba wake. Thailand ugonjwa uliwaingilia 2012, miaka miwili haikuisha mavuno yakashuka karibu nusu. Ekwado wenyewe walipigwa na ugonjwa wa madoa meupe 1999.

Kamba wetu hutaga bahari kuu, watoto wakaingia mikokoni na maji kujaa. Unakumbuka nilivyochota maji ya tope kwa bakuli, ukaona vidude kama punje za mchele, mwili kioo, macho mawili meusi? Hao ndio wanaokuwa kamba wa kuuzwa kwa kilo. Wanakula na kujificha kwenye mizizi ile, masika Ruvu na Wami zikifurika wanatoka kwenda nje, ndipo baba yako anapowapata. Ukikata mikoko umevunja nyumba ya kulelea.

Na bahari inachoka, hilo tumeliona kwa macho yetu. Enzi za meli za kukokota nyavu, alfajiri moja tulikuta jarife la baba yako, wavu wake mkubwa, vipande vipande, na vichangu wafu wamezagaa juu ya maji hadi ufukweni. Nililia siku ile, maana lilikuwa la mkopo. Mwaka 2003 meli zile zilivua zaidi ya tani 1,000 za kamba. Kufika 2007 zilipata kama 200 tu, serikali ikazisimamisha.

Mkitaka kufuga, ombeni yale majaruba ya chumvi yaliyoachwa, nyuma ya mikoko. Hapo hata mimi nitachangia. Mkoko ukikatwa, pesa yako usitie, nami sitakupa radhi kwa hilo.

Njoo bamvua lijalo, maji yakitoka tushuke wote na bakuli.

Mama yako