Umetuma Kiungo, Mbona Hawaji? Majibu kwa Wanablogu

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: makala ipo, imesambazwa kila kona, na hakuna anayeifungua. Tumechagua tano.

Nina blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, niliyoifungua kwenye Blogger, huduma ya blogu ya Google. Kila nikichapisha makala naibandika kwenye makundi 14 ya WhatsApp. Makundi mawili yameshanitoa, na makala ya mwisho imesomwa na watu 9 tu. Nakosea wapi? – Mfugaji, Morogoro

Ndugu mfugaji, kinachokuangusha ni kiungo kitupu. Mtu anayehesabu bando lake hafungui ukurasa asioujua kwa sababu tu umeandika "Soma makala mpya hapa". Mpe kwanza kitu kitakachomfaa hata asipofungua. Jaribu hivi: "Kuku akipinda shingo na kuharisha kijani, shuku kideri. Tiba haipo, kinga ni tone moja la chanjo jichoni kila baada ya miezi 3. Namna ya kumshika kuku na kudondosha bila kumwaga, nimeionyesha kwa picha hapa." Ndipo uweke kiungo. Maneno 30 hadi 40 yanatosha. Ukirefusha sana, WhatsApp huukata ujumbe, na kiungo chako kinabaki kwenye sehemu iliyofichwa.

Makundi 14 ni mengi mno. Bakiza matatu au manne ambamo kuku wanazungumzwa kweli, na ambamo wewe mwenyewe hujibu maswali hata siku ambazo huna makala. Kabla ya kuposti, muulize admini. Akikuruhusu mara moja kwa wiki, ishike siku hiyo hiyo. Ujumbe uleule ukibandikwa kwenye makundi 14 ndani ya dakika mbili unafanana kabisa na spamu, na wanakundi wachache wakikuripoti, namba yako inaweza kufungiwa. Ukiusambaza kwa kitufe cha kusambaza, WhatsApp hairuhusu zaidi ya mazungumzo 5 kwa mkupuo. Ujumbe ambao umeshapita mikono mingi huenda kwa mmoja mmoja. Usijaribu kuikwepa mipaka hiyo kwa zile WhatsApp za kuchakachua: ndizo zinazofungiwa kwanza.

Sambamba na hayo, jenga pako. Orodha ya kutuma kwa wengi inabeba watu 256, lakini ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Hapo ndipo wengi hukwama wakidhani mtandao ni mbovu. Stetasi nayo hudumu saa 24 na huonwa na mliohifadhiana namba. Kwa hiyo chini ya kila makala andika: "Hifadhi namba hii kwa jina Kuku, kisha nitumie neno KUKU." Kundi lako mwenyewe linaweza kufika watu 1,024, ila kila aliyemo anaona namba za wenzake, na matapeli wanazipenda namba hizo. Sisi tungeanza na chaneli ya WhatsApp. Wafuasi hawaonani, nawe huna adha ya kujibu salamu za asubuhi za watu mia. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida chaneli huja ikiwa imenyamazishwa, kwa hiyo waombe wafuasi wawashe kengele.

Blogu yangu ni ya mapishi ya Pwani. Nikituma kiungo cha biriani kwa WhatsApp, inatokea nembo yangu badala ya chakula, na mara nyingine haitokei picha yoyote. Facebook nako bado inaonyesha picha ya zamani niliyoifuta. – Mpishi, Mombasa

Dada mpishi, hayo ni matatizo matatu yaliyovaa kanzu moja.

Tuanze na nembo. Blogger kwa kawaida huchukua picha ya kwanza ndani ya makala na kuifanya picha ya kiungo. Bila shaka huanza kila makala kwa nembo. Ishushe chini, juu iwe sinia ya biriani. Kipimo kizuri ni pikseli 1200 kwa 630, chakula kikiwa katikati, kwa sababu pembeni hukatwa. Hakikisha picha haizidi kilobaiti 300: picha nzito inayotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huwa na megabaiti kadhaa, na WhatsApp inaweza kuiacha. Wakati uko hapo, ingia kwenye Mipangilio ya Blogger uwashe maelezo ya utafutaji. Kila makala itapata kisanduku cha herufi 150. Usipokijaza, mtandao huokota maneno yoyote ya mwanzo, na mwanzo wako mara nyingi ni "Hamjambo wapenzi".

Pili, kutotokea kabisa. Kile kijipicha na kichwa cha habari hutengenezwa na simu yako wewe mtumaji, wakati bado hujatuma. Ukibandika kiungo na kubonyeza tuma papo hapo, hasa mtandao ukiwa dhaifu, kinaondoka uchi. Bandika, subiri sekunde kadhaa hadi kijipicha kitokee, ndipo utume.

Tatu, Facebook. Mara ya kwanza kiungo kinapotumwa, Facebook huisoma makala na kuhifadhi nakala ya picha na kichwa chake, na haina habari kwamba umebadilisha. Ingia kwenye akaunti yako, fungua developers.facebook.com/tools/debug, bandika kiungo, kisha bonyeza kitufe cha kusoma upya. Picha isipobadilika, bonyeza tena. Kwa WhatsApp ongeza ?v=2 mwisho wa anwani: ukurasa unaofunguka ni uleule, lakini simu hukiona kiungo kuwa kipya. Jumbe ulizokwisha kuzituma hazitarekebika. Ndiyo maana heri ujitumie mwenyewe kwanza.

Naandika maelezo marefu Instagram na kuweka anwani ya blogu, lakini watu wanasema haibonyezeki. – Msomaji, Unguja

Haitabonyezeka. Instagram hairuhusu kiungo hai ndani ya maelezo ya picha. Una nafasi mbili: wasifu wako, unaopokea hadi viungo 5, na stori, ambako unabandika stika ya kiungo. Badilisha maneno ya stika yasomeke "Bei za boti, Unguja hadi Pemba" badala ya kuacha anwani ndefu. Kwenye wasifu, cha juu kiwe cha makala ya wiki hii. TikTok ni ngumu zaidi: akaunti ya kawaida huhitaji wafuasi 1,000 kabla ya kupewa nafasi ya kiungo. Kabla hujafika huko, taja jina la blogu kwa sauti na uliandike kwenye video yenyewe, fupi kiasi cha mtu kulikumbuka.

Niko kwenye mitandao mitano. X inanipa mioyo mingi, lakini sijui nani anafika kusoma. Wasomaji ninaowalenga wako Kenya na Tanzania. – Mwanablogu, Nairobi

Mitano ni mzigo wa kampuni yenye wafanyakazi. Baki na miwili, lakini uichague kwa hesabu. Kila kiungo unachotuma, kifungie alama yake. Mwisho wa anwani ongeza:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=kodi

Neno la kwanza ni mtandao, la pili ni aina ya njia, la tatu ni jina la makala au kampeni. Kiungo cha Facebook kiwe na facebook, cha X kiwe na x. Bila alama hizi, wengi wanaotoka WhatsApp huhesabiwa kama watu waliojiandikia anwani wenyewe, nawe utauacha mtandao unaokulisha.

Makosa yanayoharibu hesabu ni madogo na ya kukera. WhatsApp yenye herufi kubwa na whatsapp yenye herufi ndogo huhesabiwa kuwa vitu viwili, basi tumia ndogo siku zote. Kwenye nafasi ya pili acha social kama ilivyo. Ukiweka neno lako mwenyewe, mfano kundi, Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa blogu, inaweza isijue pa kuliweka na kulitupa kwenye fungu la visivyotambulika. Na kama blogu ni ya Blogger na umenakili anwani kutoka kwenye simu, itakuwa imeishia na ?m=1. Ifute. Ukiongeza alama zako mbele yake utakuwa na alama mbili za kuuliza katika anwani moja, na hesabu inavurugika.

Takwimu za ndani za Blogger zichukue kwa tahadhari. Huchanganya roboti na watu, na huhesabu hata ziara zako mwenyewe usipozizima kwenye mipangilio.

Kuhusu X: Mei 2025 ilizibwa Tanzania, na VPN, programu za kupita vizuizi kama hivyo, nchini humo zinatakiwa kusajiliwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu 2023. Mioyo unayoiona, basi, usitarajie kuwa inatoka Dodoma. Kwa Wakenya iendelee, ukikumbuka kwamba kati ya herufi 280, kiungo chochote hula 23 hata kiwe kifupi vipi. Kukifupisha hakukupi nafasi zaidi, na baadhi ya wasomaji huogopa kiungo wasichokiona kinakokwenda. Fuatilia wiki 6, kisha angalia mtandao gani umeleta watu waliokaa ukurasani zaidi ya dakika moja. Miwili ya juu ndiyo yako.

Kuna mtu ananiuzia wafuasi 5,000 wa Facebook, na kuna kundi la "nibonyezee nikubonyezee" ambamo tunafunguliana blogu na kubonyeza matangazo ya Google. Nijiunge? – Kijana, Mwanza

Hapana kwa yote mawili, na la pili ni baya zaidi. Wafuasi wa kununua hawasomi. Ukiposti, Facebook huangalia kama wanaokufuata wanagusa posti zako. Elfu tano wakinyamaza, hata rafiki zako wa kweli wataiona kwa nadra.

Kubonyezeana matangazo ni kuvunja waziwazi masharti ya AdSense, mpango wa Google wa kuwalipa wenye blogu kwa matangazo: mwenye blogu haruhusiwi kubonyeza matangazo yake wala kuwaomba wengine wayabonyeze. Google huona watu walewale wakizungukia blogu zilezile, wakibonyeza na kuondoka baada ya sekunde chache. Akaunti inafungwa, na pesa uliyokuwa umekusanya hurudishwa kwa watangazaji. Kama umeshaingia, toka leo, waambie wenzako waache kukubonyezea, kisha jaza fomu ya AdSense ya kuripoti mibonyezo batili, ukitaja tarehe ilipoanza na kurasa zilizohusika.