Kijana wangu anachafua nguo: je, afanyiwe upasuaji wa kidole tumbo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka 7. Hukaa siku nne au tano bila kupata choo, halafu nguo ya ndani inachafuka kwa uji mwembamba bila mwenyewe kujijua. Duka la dawa hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, walinipa dawa ya kuzuia kuhara. Nimesikia kuna upasuaji wa kidole tumbo. Nimpeleke Hospitali ya Bugando, Mwanza?

JIBU: Marahaba, mama. Hiyo dawa ya kuhara iache leo. Mtoto haharishi, amefunga choo. Bonge gumu limejaa kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, puru imetanuka hadi haihisi tena kwamba imejaa, na ule uji unapenya pembeni ya bonge. Ndiyo maana kumchapa fimbo kwa kujichafua hakusaidii: hawezi kuzuia asichokihisi.

Hebu nikuulize: choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata, alikipata lini? Kama kilichelewa zaidi ya saa 48 na tumbo limekuwa likijaa tangu uchanga, tunashuku ugonjwa wa Hirschsprung, ambao hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Sehemu ya mwisho ya utumbo inakuwa haina seli za neva, hivyo hailegei kupitisha choo. Tunapima kinyama kidogo cha puru maabara. Ikithibitika, sehemu hiyo huondolewa. Upasuaji wa kidole tumbo hauchukui nafasi ya huo.

Watoto wengi hawana ugonjwa huo. Kwao tunatoa bonge, kisha laktulosi, dawa ya kulainisha choo, kila siku na kukaa chooni kila baada ya mlo. Kwa miezi, mama, si wiki. Wengi huacha dawa choo kinapolainika, na tatizo linarudi.

Upasuaji uliousikia ulielezwa na Malone na wenzake Uingereza mwaka 1990. Ncha ya kidole tumbo hutolewa kwenye ngozi, kitovuni au chini kulia. Kwa kuwa shina lake liko mwanzoni mwa utumbo mpana, unapitisha mpira mwembamba, unamimina maji, na uchafu unasombwa wote kwenda chini. Unawafaa hasa waliozaliwa bila njia ya haja kubwa, wenye mgongo wazi, na wale wachache walioshindikana kwa dawa na enema, yaani maji yanayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Ni mlango wa kuoshea tu: unaosha kila siku au siku moja baada ya nyingine, na kitundu chenyewe huweza kusinyaa au kuvuja.

Maji nayo si ya kuchota tu ziwani. Yachemshwe, yatiwe chumvi gramu 9 kwa lita, ipimwe. Maji matupu hufyonzwa, chumvi ya damu ikashuka, mtoto akapata degedege.

Halafu choo chenu, ni cha kuchuchumaa? Kuosha huchukua nusu saa hadi saa nzima. Seremala akuchongee kiti chenye tundu hata sasa, maana kwenye dawa pia atakihitaji.

Bugando nenda, na kadi yake ya kliniki ya utotoni uibebe. Ila tumbo likivimba na homa, au akitapika kijani, kimbilia hospitali iliyo karibu, usingoje kivuko.