Kichefuchefu katika michezo ya uhalisia pepe
Ndugu, umeuliza kwa nini kichefuchefu hukushika kila unapotembea kwa kijiti cha kidhibiti cha mkononi katika Half-Life: Alyx, mchezo wa uhalisia pepe (ulimwengu wa kompyuta unaouona kupitia miwani maalumu), ilhali ukisimama mahali pamoja huna shida. Macho yanauambia ubongo kwamba unasonga, huku sikio la ndani, linalotunza mizani ya mwili, likishuhudia kuwa umetulia; mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu. Fungua mipangilio, uchague mwendo wa kuhama papo kwa papo hadi pale unapolenga, na ugeukaji uwe wa mikato ya nyuzi 45, kwa maana kuzunguka mfululizo, kwa maoni yangu, husumbua kuliko hata kutembea. Jasho jembamba likianza kukutoka kwenye paji la uso, vua miwani mara moja; kujikaza kisabuni hakusaidii. Feni ikikupulizia usoni, utapata nafuu kidogo.