Maswali na majibu: skripti yangu inagoma kuingia kwenye tovuti

Nachukulia unajua tofauti ya GET na POST. Kama hujui, anzia huko kwanza, mengine yatakuja yenyewe.

Nilinakili kuki (kipande cha data ambacho tovuti huhifadhi kwenye kivinjari) kutoka Chrome nikaibandika kwenye skripti ya Python. Jana ilikubali, leo inanirudisha kwenye ukurasa wa kuingia. Seva imebadilisha nini?

Haijabadilisha kitu. Sesheni, yaani kipindi ambacho seva inakukumbuka kuwa umeingia, imeisha muda, au ulibonyeza "toka" kwenye kivinjari na seva ikaifuta. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu. Kuki ya kuingilia si kitu cha kunakili. Seva ndiyo inayokupa, kwa heda (mstari wa maelezo unaosafiri na ombi au jibu) ya Set-Cookie, na programu yako inatakiwa kuirudisha kwa heda ya Cookie katika kila ombi linalofuata. Kazi hiyo yote inafanywa na requests.Session() ya maktaba ya requests ya Python. Ukiita requests.post() halafu requests.get() bila sesheni, la pili halijui lolote kuhusu la kwanza. Tena, ukishaandika heda ya Cookie kwa mkono, hiyo ndiyo itakayotumwa, na kuki mpya seva inazokupa zitabaki zimehifadhiwa tu bila kutumika. Futa mstari huo. Acha skripti iingie yenyewe kwa jina na nywila, tena nywila uisome kutoka kwenye mazingira ya mfumo, isikae ndani ya msimbo unaousukuma GitHub.

Halafu, ndugu yangu, umenitumia ombi lako zima la cURL (programu ya kutuma maombi ya wavuti kwa mstari wa amri) pamoja na kuki yake. Mwenye kuki hiyo anaingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa nywila. Nimeifuta. Wewe toka kwenye akaunti sasa hivi, na usidhani kubadilisha nywila kunatosha: si kila tovuti inafuta sesheni za zamani nywila ikibadilika.

Shikamoo mwalimu. Tovuti imejengwa kwa Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python. Jina na nywila ni sahihi lakini napata 403, yaani nimekataliwa.

Marahaba. Umeruka hatua. Kabla ya POST, fungua ukurasa wa fomu kwa GET ukitumia sesheni ileile. Hapo unapokea kuki ya csrftoken, tokeni ya kuthibitisha kwamba fomu imetoka kwenye tovuti hiyo, na ndani ya fomu kuna sehemu iliyofichwa, csrfmiddlewaretoken. Vyote viwili lazima virudi pamoja na jina na nywila. Kwenye HTTPS kuna kingine ambacho wengi hawakijui: usipotuma heda ya Origin (inayotaja tovuti ombi lilikotoka), Django inakagua Referer (inayotaja ukurasa ombi lilikotoka), na isipoikuta inakukatalia. Weka Referer yenye anwani ya ukurasa wa fomu. Ukishaingia, Django inabadilisha tokeni, kwa hiyo POST inayofuata isome tokeni mpya. Laravel, mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP, nayo ina mambo yake: sehemu inaitwa _token, na ukiikosa unapata 419.

Seva inanijibu kwa namba 200. Kwa nini sijaingia?

Kwa sababu 200 maana yake ukurasa umefika. Ukurasa wenye maneno "nywila si sahihi" nao hufika kwa 200. Tovuti nyingi zinazotumia fomu zikikukubali zinajibu 302, yaani zinakuelekeza ukurasa mwingine. Zima ufuataji wa maelekezo hayo kwa allow_redirects=False uione, au ufungue ukurasa unaohitaji kuingia, uone unapata nini. Watu wanaoandika "if 200: umeingia" ndio wanaoniandikia usiku wa manane.

Je, ninakili heda zote za kivinjari ili nionekane mtu?

Usinakili. Content-Length na Host zitapangwa na maktaba yenyewe. Accept-Encoding yenye "br" (ubanaji wa data wa brotli) itakuletea jibu lisilosomeka kama hujasakinisha brotli, kisha utaniuliza kwa nini tovuti "imesimbwa". Kwenye User-Agent, heda inayotaja programu inayotuma ombi, andika jina la skripti yako na barua pepe. Msimamizi wa seva akikuona unamsumbua atakuandikia, badala ya kukufungia mlango kimyakimya. Na kama tovuti inatoa API (njia rasmi ya programu kuzungumza na tovuti) yenye tokeni, unahangaika na fomu ya nini?

MozillaCookieJar, kihifadhi kuki cha Python, inahifadhi faili lisilo na kuki.

Kuki za sesheni zisizo na tarehe ya mwisho huachwa. Andika save(ignore_discard=True), kisha chmod 600 kwenye faili hilo ili wewe tu uweze kulisoma.

Naomba skripti ya kuingia kwenye akaunti za wanafunzi wenzangu chuoni nione matokeo yao.

Hapana. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018. Zisome.

curl -b kuki.txt haihifadhi kitu.

-b inasoma, -c inaandika. Weka zote mbili. Ukiwa hapo, ondoa -X POST. -d (data unayotuma) inatosha, na ukiiacha -X POST pamoja na -L (inayofuata maelekezo ya seva), curl itaendelea kutuma POST hata baada ya 302.