Uliza Tukujibu: Magoti ya Wasichana, Upepo wa Mpira na Cheti cha Kuzaliwa

SWALI: Nafundisha michezo sekondari moja mkoani Shinyanga. Timu yetu ya wasichana ina wachezaji 18. Mwaka huu watatu wameumia goti bila kugongwa na mtu: wawili walikuwa wanageuka na mpira, mmoja alitua baada ya kupiga kichwa. Wavulana hawana shida hiyo. Tunakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, umeshajijibu nusu: kugeuka na kutua. Ndani ya goti kuna ukano unaozuia mfupa wa muundi usichomoke mbele. Madaktari huuita ACL. Wasichana huukata mara mbili ya wavulana au zaidi, na mara nyingi hakuna aliyewagusa.

Simama mbele yao, waambie waruke juu na kutua kwa miguu miwili. Ukiona magoti yanasogeleana kama yanataka kubusiana, au miguu imekakamaa kama fito, huyo ndiye wa kufanyia kazi kwanza. Goti linatakiwa likunjwe, lielekee vidole vya mguu, na kishindo kisisikike.

Tumieni mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki: kukimbia taratibu dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, kukimbia kwa kasi dakika 2. Sehemu ya katikati ndiyo dawa. Kusimama mguu mmoja sekunde 30, mara mbili kila mguu. Kuchuchumaa nusu na kuinuka, sekunde 30 mara mbili. Halafu kupiga magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, naye ainame mbele polepole akiwa amenyooka. Anayeanza zinamtosha 3 hadi 5. Siku ya mechi iacheni hiyo sehemu ya katikati, mkimbie tu.

Makocha wengi huyaweka mwishoni, wachezaji wakiwa hoi. Hapo wanajifunza kutua vibaya. Kagua pia viatu: njumu za kaka zilizojazwa soksi huufanya mguu uteleze ndani huku meno yameng'ang'ania ardhi, na goti ndilo linalolipa.

Akisikia "ko!" na goti likavimba ndani ya saa chache, asirudi uwanjani, apelekwe hospitali. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 20. Maji ya moto na kuchua ndiyo mazoea yetu, lakini siku tatu za kwanza huongeza uvimbe.

SWALI: Muuza duka anasema timu ya wanawake inunue mpira saizi 4. Ni kweli?

JIBU: Hapana. Saizi 4 ni ya watoto. Wanawake wanacheza saizi 5, mzingo sentimita 68 hadi 70, gramu 410 hadi 450. Twiga Stars walipotoka 1-1 na Afrika Kusini nchini Morocco, Julai 2025, hawakupewa mpira mwepesi. Pampu yenye kipimo cha psi isome kati ya 8.5 na 15.6, kwenye uwanja mkavu wa changarawe baki upande wa chini. Lowesha sindano kabla ya kuichomeka, maana ikiwa kavu huchana vali.

SWALI: Binti yangu kazaliwa Novemba 2010, anaichezea shule yake hapa Temeke. Timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, bado ana nafasi?

JIBU: Anayo, mama. Toa 17 kwenye mwaka wa Kombe la Dunia; aliyezaliwa kabla ya mwaka huo haruhusiwi. Ndiyo maana mwaka 2022 nchini India, Tanzania ilipoifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali, walihitajika waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2005. Binti yako mwisho wake ni 2027.

Ahakikishe anacheza mashindano ya sekondari, UMISSETA, ambako vipaji vya shule hukutana. Wewe shughulikia cheti cha kuzaliwa RITA sasa hivi, usingoje aitwe kambini. Linganisha herufi kwa herufi jina la cheti na la shuleni: "Mwanaidi" huku na "Mwanahidi" kule kunatosha kukwamisha pasipoti.