Muulize Anti wa Muvi: "Nimesubiri miaka 14 halafu Dash bado yuko shule?"

Mwezi huu barua za The Incredibles zimemiminika, zile katuni za familia yenye nguvu za ajabu, baba Bob, mkewe na watoto wao Violet, Dash na Jack-Jack, nadhani ni kwa sababu watu wamesikia ya tatu inatengenezwa wakaamua kurudia zile mbili za mwanzo. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipunguza maana kijana alikuwa na hasira na alikuwa haweki nukta. Kama ya pili hujaiona ruka ukurasa, humu nataja kila kitu mpaka adui.

Shikamoo Anti. Mi niite tu Mshabiki wa Mwanza. The Incredibles ya kwanza niliangalia nikiwa mdogo, CD ya kaka ilikuwa imechubuka inakwama palepale Bob anapopigana na lile roboti kule kisiwani, tunaitoa tunaifuta na fulana tunarudisha. We unajua ilivyoisha, familia nzima imevaa vinyago machoni, yule Underminer kaibuka kutoka chini ya ardhi na limashine lake la kuchimba, Bob anapasua shati, imeisha. Nikasubiri. Nimemaliza msingi nasubiri, sekondari nasubiri, nimepata kazi nasubiri. Imetoka 2018 inaanzia palepale! Dakika ileile! Dash bado mtoto, Jack-Jack bado yuko kwenye pampasi, halafu huyo Underminer mwenyewe anakomba pesa za benki anasepa na hakamatwi mpaka muvi inaisha. Steringi wetu Bob wanamfanya yaya, mkewe ndo anapewa pikipiki na mapigano yote. Na adui nilimjua mapema kabisa. Juzi nimeirudia na mwanangu, ye kacheka mwanzo mwisho, mi hasira zikarudi upya. Anti niambie ukweli, walituchezea au mi ndo nimezeeka?

Anti anajibu: Marahaba mwanangu. Kuzeeka umezeeka, una mtoto anayeangalia muvi, ulitaka iweje. Ila sio kila ulichosema ni uzee, kuna sehemu uko sahihi kabisa na nitakupa haki yako, tuanze na ile ambayo hauko sahihi.

Hili la watoto kutokukua. Brad Bird ndo kaandika na kuongoza zote mbili, na nguvu za ile familia hakuziokota hovyo, kila mtu kapewa kutokana na nafasi yake pale nyumbani. Baba anategemewa awe imara kwa hiyo ana nguvu. Mama anavutwa na kila mtu, huyu anataka hiki yule anataka kile, kwa hiyo anavutika. Violet ni binti wa miaka 14, umri ule ukiingia darasani unatamani hata kuta zikufiche, basi yeye anapotea kweli haonekani. Dash ana miaka 10 hatulii. Jack-Jack ni kichanga, hakuna anayejua atakuja kuwa mtu gani, ndo maana ndani yake kuna kila kitu. Sasa wewe ulitaka waongezwe miaka 14. Mpe Violet miaka 28, ana kazi yake ana maisha yake, atake kupotea ili iweje? Dash wa miaka 24 ni mkimbiaji tu, wakimbiaji tunao. Jack-Jack angekuwa na miaka 15 anajifungia chumbani na simu. Hapo unabaki na watu watano wenye nguvu za ajabu wanaopiga maadui, na muvi za hivyo mwaka 2018 zilikuwa zimejaa mpaka zinamwagika, mwaka huohuo Black Panther imetoka Februari, Avengers: Infinity War ikafuata Aprili, na Incredibles 2 ndo ikaingia Juni 15. Kumbuka ya kwanza ilipotoka Novemba 2004 Iron Man ilikuwa bado miaka minne mbele, wale Avengers bado minane. Yaani kilichokuwa kigeni wakati wewe unafuta CD na fulana, kilikuwa kimeshakuwa biashara ya kila mwezi. Kitu pekee ambacho hii familia ilikuwa nacho na wengine hawana ni kwamba ni familia, wanagombana mezani, mtoto hataki kula, na huwezi kuwa na hiyo kama watoto wote wamehama nyumbani.

Mi nachokiona ni kwamba hukusubiri muvi mwanangu, ulisubiri wakue pamoja na wewe. Hicho walikuwa hawawezi kukupa.

Na miaka yenyewe 14 usidhani Brad Bird alikuwa amelala. Alifanya Ratatouille, ile ya panya mpishi, 2007, ikachukua Oscar. Akaacha katuni akaenda kuongoza ile Mission: Impossible ya 2011 ambayo Tom Cruise ananing'inia kwenye Burj Khalifa kule Dubai. Halafu 2015 akatoa Tomorrowland ambayo haikufanya vizuri. Mwendelezo wenyewe ulitangazwa 2014 ukapangiwa 2019, wakati huo Toy Story 4 ya studio hiyohiyo ya Pixar ndo ilikuwa ya 2018, ila hii ikaonekana iko mbele kwa kazi kuliko ile, basi wakabadilishana tarehe. Kwa hiyo baada ya sisi kusubiri miaka yote hiyo wao mwishoni wakajikuta wamepunguziwa mwaka mzima. Ukiangalia ile hadithi ya adui unaona kabisa palipokosa muda.

Sasa haki yako. Underminer nakuunga mkono asilimia mia! Huwezi kunifungia muvi na mtu anaibuka ardhini anatangaza vita, watoto dunia nzima wakalala na huyo mtu kichwani miaka 14, halafu unafungua ya pili jamaa anaondoka na hela kupitia shimo lake na hakuna hata mmoja anayeulizia tena. Polisi wenyewe wanamtaja kidogo tu, kuwalaumu mashujaa kwamba hawakumkamata, na kuwaambia benki zina bima bora wasingefanya kitu. Naelewa kwanini waliandika hivyo, walitaka tuone kuwa mashujaa wakiwa wamepigwa marufuku na sheria hata wakisaidia wanakamatwa wao, sawa, lakini mngemkamata hata mwishoni jamani, dakika mbili tu. Kuna gemu lilitoka 2005 ambalo Bob na rafiki yake Frozone, shujaa wa barafu, wanamfuata huko chini wanamalizana naye, kama ulilicheza basi mwenzetu ulifarijika, ila muvi haikulihesabu lile gemu.

Adui mwingine pia nakupa. Screenslaver anawateka watu akili kupitia skrini, TV, miwani, chochote kinachowaka. Halafu unaletewa ndugu wawili matajiri, kaka ndo muuzaji maneno na dada, Evelyn, ndo fundi anayebuni mitambo yote ya kampuni. Sasa hapo nani atakuwa anachezea skrini, mpishi? Yule kijana wa pizza waliyemkamata kwanza hata mtoto wangu wa mwisho alijua sio yeye. Sema kuna kitu kimoja kwenye hiyo stori ambacho mi nakipenda na watu wanakipita haraka. Baba yao aliuawa na wezi nyumbani, alikuwa na simu maalumu za kuwaita mashujaa, badala ya kukimbilia chumba cha kujificha akakaa anapiga zile simu na mashujaa wameshapigwa marufuku hakuna anayepokea. Kaka anasema baba amekufa kwa sababu mashujaa walizuiwa. Dada anasema baba amekufa kwa sababu alizoea kusubiri mtu wa kuja kumuokoa. Tukio moja, msiba mmoja, kila mtu katoka na lake, na hayo mambo tunayaona kwenye familia zetu kila baada ya arobaini. Adui kama huyo alistahili muda zaidi, wakamharakisha akaishia kwenye meli inayotaka kugonga mji kama muvi nyingine yoyote.

Bob kuwa yaya sasa, hapa ndo tunagombana mimi na wewe.

Unasema steringi kafanywa yaya. Mwanangu, kile kipande ndo muvi yenyewe! Kumbuka Dash anakuja na hesabu za shule, baba anaanza kumfundisha kwa njia aliyosoma yeye, mtoto anamwambia sivyo tunavyofundishwa, baba anawaka kwamba hesabu ni hesabu zinabadilishwaje. Mzazi gani hajapita hapo? Usiku akiwa hoi anaamka anakaa na kitabu cha mtoto peke yake mpaka anaielewa, asubuhi anamuamsha Dash kabla basi halijafika wamalizie. Yule mtu anabeba treni, lakini hesabu za darasa la nne zimemtoa jasho kuliko roboti la kisiwani. Na Violet, yule kijana aliyempenda kafutwa kumbukumbu na serikali hamjui tena, baba kwa kutaka kusaidia anaipeleka familia nzima kwenye mgahawa ambao kijana ndo mhudumu, binti wa watu kinywaji kikamtokea puani mbele ya kijana. Mi nilicheka mpaka nikaona haya ukumbini.

Halafu ile ya usiku. Bob kasinzia kwenye kochi, Jack-Jack anaangalia TV muvi ya zamani yenye mwizi mwenye kinyago, anageuka dirishani anamuona mnyama wa kule kwao Marekani anaitwa rakuni anachokonoa pipa la taka, na rakuni usoni ana weusi kama kinyago. Kwa akili ya mtoto huyo ni mwizi. Anapita kwenye kioo cha mlango kama hakipo, na hapo ndo tunaanza kuona nguvu moja baada ya nyingine, macho yanatoa miale, anawaka moto, anagawanyika wanakuwa watoto kibao, rakuni naye hakubali anarudisha, viti vya bustani vinaruka. Bob anatoka nje anaona, na kitu cha kwanza usoni ni furaha, mwanangu ana nguvu! Hofu inakuja sekunde chache baadaye. Hizo sekunde mimi sibadilishi na mapigano yote ya Avengers, na mwanao aliyecheka mwanzo mwisho anajua anachofanya.

Na mama na pikipiki yake mwache. Ile pikipiki inakatika vipande viwili, gurudumu la mbele huku la nyuma kule, katikati ni mwili wake unavutika, anakimbiza treni inayorudi nyuma kwa kasi juu ya majengo. Ya kwanza alikuwa anamtafuta mume, ya pili kaenda kazini. Dunia ilielewa, wikiendi ya kwanza Marekani peke yake iliingiza dola milioni 182 na ushee, katuni ilikuwa haijawahi, na mwisho wa safari ilivuka bilioni 1.2. Oscar ikakosa, ilichukuliwa na Spider-Man: Into the Spider-Verse, na hapo sina ugomvi, ile ilistahili.

Kwahiyo hukuchezewa. Ulipewa nusu muvi nzuri sana na nusu ya haraka haraka, na ile nzuri ndo uliyoikasirikia.

Anti, mimi ni mama wa Tanga. Mwanangu ana kifafa na anaililia sana hiyo ya pili, wenzake shuleni wameiona. Nasikia ina taa mbaya, ni kweli au ni maneno ya watu?

Anti anajibu: Ni kweli dada yangu. Kuna pale Elastigirl, yule mama wa familia, anapambana na Screenslaver ndani ya chumba, taa nyeupe zinapigapiga kwa kasi muda mrefu, na sio pale tu, zile skrini za kuteka akili zinarudi mara kadhaa. Ilipotoka 2018 chama cha kifafa cha Marekani kilipiga kelele na Disney wakaomba majumba ya sinema yabandike tangazo la tahadhari mlangoni. Sio kila mwenye kifafa anashtuliwa na taa, ni baadhi tu, kwa hiyo muulize daktari wake kwanza huyu wa kwenu yuko kundi gani. Kabla hajakujibu usimuwekee, kumfumba macho kwa mkono haitoshi maana hujui inaanza sekunde gani. Ya kwanza ya 2004 haina mambo hayo ya taa za kuteka akili, ila nayo iangalie wewe kwanza.

Sasa Anti, niko Nakuru. Sauti ya Dash kwa ya pili si ile ya kwanza ama ni masikio yangu? Na ya tatu iko ama ni story za mtandao?

Anti anajibu: Masikio yako mazima. Dash wa kwanza alikuwa Spencer Fox, mtoto kweli, na kufika 2018 mtoto ameshakuwa mwanaume sauti imekatika, wakamchukua mwingine anaitwa Huck Milner. Violet ni yuleyule Sarah Vowell, huyo hata 2004 alikuwa mtu mzima. Baba, mama na Frozone wa Samuel L. Jackson nao walewale, na Edna, yule mbunifu wa nguo za mashujaa, bado ni Brad Bird mwenyewe anaongea. Aliyekuwa anamsemea Rick Dicker, yule wa serikali, ni mzee Bud Luckey, alifariki Februari 2018, nafasi yake ikachukuliwa na Jonathan Banks na muvi wakaiandika kwa kumbukumbu yake, ukivumilia majina ya mwisho utaona.

Ya tatu ipo kweli, Disney waliitangaza wenyewe Agosti 2024, Brad Bird yumo kwenye kuiandika na kiti cha kuongoza kapewa Peter Sohn, aliyefanya Elemental. Ikitoka niandikieni mlivyoiona, ila tafadhali msinitumie zile kopi za kurekodiwa ukumbini ambazo steringi anapigana halafu kichwa cha mtu anayeenda chooni kinapita katikati.